Usiamini Mguu wa Transista Kabla ya Kuupima

Wengi wenu hupita hapa kusoma mambo ya programu, hifadhidata na Linux. Leo nawapeleka mahali ambapo mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nilikuwa naogopa kwenda: mezani kwa fundi wa redio.

Nina jambo moja tu la kusema, na nitalisema mapema ili mwenye haraka aende zake. Mtu anayeandika programu zinazowasha na kuzima vitu vya umeme, na hawezi kuitambua transista kwa kutumia multimita, hajamaliza kujifunza kazi yake. Najua neno hili ni kali. Mimi nililipia kwa mayai ya shangazi yangu.

Hebu niwasimulie.

Shangazi anaishi karibu na Ol Kalou, kule Nyandarua, mahali ambapo usiku unavaa sweta mbili na bado unatetemeka. Anafuga kuku na kuuza vifaranga, na vifaranga hao ndio wanaolipa karo ya binamu yangu. Nikamtengenezea mashine ya kutotolesha: sanduku la mbao, balbu mbili za kutia joto, kihisi cha joto, bodi ya Arduino na rilei ya kuwasha balbu. Programu niliiandika mwenyewe. Joto likishuka chini ya 37.5 balbu zinawaka, likipanda zinazima. Programu ya kurasa mbili tu, na nilijivunia kila mstari.

Kwa wasiojua, mguu wa Arduino hauwezi kuendesha rilei peke yake. Koili ya rilei ndogo ya volti 5 hutaka takriban miliampea 70, na mguu mmoja wa bodi hiyo hautakiwi kutoa zaidi ya 40; hata hizo 40 ni mpaka wa mwisho, si kiwango cha kazi ya kila siku. Kwa hiyo katikati yao tunaweka transista. Arduino inaipa beizi mkondo mdogo, nayo transista inafungulia koili mkondo mkubwa. Mimi nilikuwa nimeweka transista ya plastiki iliyoandikwa P2N2222A.

Siku ya 12 mayai yakiwa ndani, shangazi akanipigia simu kwamba balbu haziwaki. Nikamwambia azichomeke moja kwa moja kwenye stima na awe anazizima na kuziwasha kwa mkono hadi nifike. Nilipofika nikakuta transista imekufa. Kosa lilikuwa langu: sikuweka daiodi sambamba na koili, na koili ikizimwa ghafla hurudisha volti kubwa inayoua transista. Nikaongeza daiodi, nikatoa transista iliyokufa, nikachomelea mpya niliyokuwa nimenunua Nairobi. Niliomba "2222" dukani na nikapewa 2222. Mpya ilikuwa imeandikwa PN2222A. Sikuona tofauti yoyote.

Kabla ya kurudisha koili nikafanya jaribio, maana sisi watu wa programu tunapenda majaribio. Nikaunga taa ndogo ya LED na rezista yake mahali pa koili, nikatuma amri ya kuwasha. Taa ikawaka! Nikatuma ya kuzima, ikazima. Nikaridhika. Nikarudisha koili, nikafunga sanduku. Joto ndani lilikuwa 37.5 kamili, kioo kikaandika "JOTO: ZIMA". Nikakimbilia matatu ya mwisho.

Usiku joto likashuka. Kioo kikaandika "JOTO: WASHA". Rilei haikulia. Balbu hazikuwaka. Saa kumi na mbili asubuhi shangazi alipoenda kuangalia, alikuta mayai baridi na kioo bado kinasema WASHA. Katika mayai 60 walitoka vifaranga 11.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Lakini mwanangu, hiyo kompyuta ilikuwa inasema imewasha." Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo.

Nilipopata nafasi ya kurudi nilikesha nikisoma programu yangu mstari kwa mstari. Nikabadilisha kihisi, nikaandika upya sehemu ya muda. Hakuna kitu. Asubuhi shangazi akanituma mjini kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza redio na televisheni kwenye kibanda cha mabati. Nilimweleza habari zote za Arduino. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaomba bodi. Akaichomoa transista kwa chuma cha solda, akaigusa kwa ncha za mita yake mara tano au sita, akaitia kwenye tundu dogo la mita, akaigeuza, akaitia tena.

"Kijana, hii uliivalisha kinyume. Emita umeiweka kwa kolekta."

"Lakini mzee, namba ni ileile," nikamjibu.

"Mimi namba sisomi sana. Redio nyingi zinazokuja hapa namba zimefutika."

Ilimchukua chini ya dakika moja. Mimi nilikuwa nimepoteza usiku mzima na mayai 49.

Sasa tuone kilichotokea, kwa sababu ndipo penye somo. 2N2222 ya asili ilikuwa ndani ya kikopo cha chuma. Viwanda vilipoiweka ndani ya plastiki, havikukubaliana mpangilio wa miguu. Ukiishika transista bapa lake likikutazama na miguu ikiangalia chini, PN2222A ina emita, beizi, kolekta kutoka kushoto kwenda kulia. P2N2222A ina kolekta, beizi, emita. Herufi na tarakimu zote ni sawa isipokuwa ile 2 moja hapo mwanzoni. Ninyi mnaoandika programu mnajua maana ya kosa la herufi moja, lakini hapa hakuna mashine ya kukupigia kelele kwamba umekosea.

Wala si hiyo tu. BC547 yenye majina ya Ulaya ni kolekta, beizi, emita. 2N3904 ya Kimarekani ni emita, beizi, kolekta. 2SC1815 ya Kijapani, ambayo juu yake huandikwa C1815 tu, ni emita, kolekta, beizi. Yaani beizi haiko hata katikati! Zote tatu ni NPN, zote ni vidonge vyeusi vya plastiki vinavyofanana kama watoto wa kuku mmoja. Ukizichanganya kwenye kopo moja huwezi kuzitofautisha kwa macho ila kwa namba, na namba ikifutika umekwisha.

Na kwa nini taa yangu iliwaka? Hapa ndipo transista inapokuwa mjanja. Ukibadilisha emita na kolekta, transista haifi. Inaendelea kufanya kazi, ila kwa udhaifu. Ile iliyokuwa inakuza mkondo mara 200 sasa inakuza mara chache tu. Arduino yangu ilikuwa inaipa beizi takriban miliampea 4. Ukizidisha mara 5 unapata 20. LED yangu ilitaka 6 hivi, kwa hiyo iliwaka vizuri. Koili ilitaka 70, kwa hiyo haikusogea. Jaribio langu lilifaulu kwa sababu lilipima kitu kingine kabisa.

Haya, sasa tufanye kazi ya mzee. Unahitaji multimita ya dijitali, ile ambayo mafundi huiita mita au testa. Hata ile ya bei ya chini kabisa ya manjano, ya jamii ya DT830, inatosha. Transista iwe nje ya saketi. Ikiwa bado imechomelewa, vifaa vya jirani vitakudanganya.

Kwanza elewa kitu kimoja. Kwa mita, transista ya kawaida inaonekana kama daiodi mbili zilizokutana kwenye beizi. Daiodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Basi kila tunachofanya ni kuzitafuta hizo daiodi mbili.

1. Weka waya nyeusi kwenye tundu la COM na nyekundu kwenye tundu la volti na omu. Zungusha swichi hadi kwenye alama ya daiodi, ile pembetatu yenye mstari.

2. Ipe miguu namba zako mwenyewe: 1, 2, 3. Usiipe majina bado. Kuna jozi tatu za miguu, na kila jozi unaipima mara mbili kwa kubadilishana waya. Jumla ni vipimo sita. Viandike kwenye karatasi.

3. Kwenye transista nzima ya silikoni, vipimo viwili tu kati ya sita vitasoma kitu, kati ya 0.5 na 0.8 hivi. Mita nyingine huandika kwa milivolti, kwa hiyo utaona kama 655. Vilivyobaki vinne vitaonyesha OL, au tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto.

4. Mguu unaojirudia katika vipimo vyote viwili vilivyosoma ndio beizi. Hapa huhitaji kubahatisha.

5. Angalia ni waya gani uliokuwa kwenye beizi wakati mita iliposoma. Ikiwa ni nyekundu, transista ni NPN. Ikiwa ni nyeusi, ni PNP.

6. Sasa linganisha vile vipimo viwili. Kile kilicho juu kidogo, mathalani 0.668 dhidi ya 0.661, kwa kawaida ni cha emita. Chenye kusoma chini kidogo ni kolekta. Sababu ni kwamba emita hutiwa uchafu mwingi zaidi wakati wa kuitengeneza silikoni, na makutano ya kolekta yana eneo kubwa zaidi.

Tofauti hiyo ya hatua ya 6 ni ndogo, na vidole vyenye joto vinaweza kuivuruga. Kwa hiyo usiishie hapo. Mita nyingi za bei nafuu zina tundu la mviringo lililoandikwa hFE, lenye upande wa NPN na upande wa PNP. Tayari unajua beizi na aina. Itie transista, soma. Geuza emita na kolekta, soma tena. Ile yangu ilisoma 214 upande mmoja na 6 upande wa pili. Upande wenye namba kubwa ndio ukweli, na miguu yako sasa ina majina yaliyoandikwa na mita mbele yako.

Kama mita yako haina tundu hilo, kuna njia ya kidole. Kwa NPN, weka mita kwenye omu nyingi kabisa, nyekundu kwenye mguu unaoudhania kolekta, nyeusi kwenye unaoudhania emita, kisha lowesha kidole na uguse beizi na kolekta kwa pamoja. Ukinzani utashuka. Badilisha dhana yako na urudie. Ulikoshuka zaidi ndiko kolekta ilikuwa mahali pake. Kwa PNP, badilisha rangi za waya.

Mitego ipo, na ni vizuri kuijua mapema.

Wa kwanza ni mita ya mshale. Katika mita nyingi za mshale, ukipima omu, waya nyeusi ndiyo inayotoa chanya ya betri ya ndani. Kwa hiyo majibu yote ya NPN na PNP yanageuka. Watu wengi walijifunza kwa mita ya baba, wakanunua ya dijitali, wakaanza kuita NPN kuwa PNP. Kama huna uhakika na mita yako, pima kwanza daiodi ambayo unaijua. Mstari uliochorwa juu yake ni upande wa hasi.

Wa pili, ukiona mita inalia au inasoma karibu na sifuri pande zote kati ya miguu miwili, transista imeungua na kuungana ndani. Ukiona hakuna kipimo hata kimoja kinachosoma, imekatika. Zote mbili ni za kutupa. Na kolekta na emita zisisome upande wowote, isipokuwa katika aina chache nitakazozitaja sasa hivi.

Wa tatu, si kila chenye miguu mitatu ni transista ya aina hii. Darlington kama TIP120 ina daiodi ya ndani kati ya kolekta na emita, hivyo utaona kipimo cha tatu. MOSFET kama IRFZ44N haina beizi kabisa; kwa kawaida utaona daiodi moja tu, ile iliyo ndani kati ya miguu yake miwili. Hata kidhibiti cha volti kama 78L05 huvaa plastiki ileile nyeusi. Vipimo vikikataa kuingia kwenye kanuni ya "viwili kati ya sita", usivilazimishe. Mita inakwambia kwamba hicho kitu sicho ulichodhani.

Wa nne, germaniamu. Redio kongwe sana zina transista zinazosoma 0.2 hadi 0.3 hivi. Hiyo si kasoro.

Sasa nazijua hoja mtakazoniletea, kwa sababu nami nilikuwa nazo.

Ya kwanza: karatasi ya maelezo ya kiwanda ipo kwenye intaneti, kwa nini nihangaike? Isome, tena isome vizuri. Ndiyo itakayokuambia volti na mkondo wa juu kabisa, ambavyo mita yako haiwezi kukuambia. Lakini karatasi hiyo inaeleza kifaa kilichotoka kiwandani kwa jina hilo. Haielezi kidonge kilichoko mkononi mwako, ambacho huenda kimetolewa kwenye bodi kuukuu, au kimeandikwa upya na mtu asiyejulikana, au kina tarakimu moja ambayo hukuiona. Mimi karatasi niliisoma. Niliisoma ya P2N2222A, na kifaa kilikuwa kingine.

Ya pili: siku hizi kuna vipimo vidogo vyenye kioo, unatia miguu mitatu na chenyewe kinakuchorea transista na kutaja miguu yote. Kweli, ninacho kimoja na nakipenda. Vingi vinatumia maikrokontrola ya ATmega328, ileile iliyomo ndani ya Arduino Uno. Lakini jiulize kinafanya nini humo ndani. Kinajaribu miguu kwa zamu, kwa mpangilio baada ya mpangilio, hadi kinapopata unaofanya kazi. Ni kazi ya yule mzee iliyoandikwa kama programu. Usipoijua kazi yenyewe, siku kitakapokuonyesha jibu la ajabu hutakuwa na njia ya kukiuliza swali la pili.

Ya tatu, na hii huniuma zaidi: "Mimi ni mtu wa programu, hayo ni ya mafundi." Nimeisikia kwa wanafunzi wenzangu wa zamani, na niliwahi kuisema mwenyewe. Darasani nilichora jedwali za mantiki za malango ya AND na OR mpaka mkono ukachoka. Nilijibu mtihani kwamba transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, na kwamba Bardeen, Brattain na Shockley walipata Nobeli mwaka 1956. Alama nilipata. Lakini katika miaka yote ile sikuwahi kushika transista moja na kuulizwa, "Huyu ni nani, na miguu yake ni ipi?"

Naona hilo ni pengo, na si gumu kuliziba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe mita ya bei nafuu, transista kumi zilizofutwa namba kwa msasa, na alasiri moja. Asitoke mpaka atambue zote kumi, zikiwemo mbili zilizokufa. Atajifunza umeme kidogo, ndiyo, lakini zaidi atajifunza tabia ambayo programu pekee haifundishi: kwamba kilichoandikwa juu ya kitu ni madai, na madai hupimwa. Kioo kikisema WASHA, hayo ni madai. Balbu kuwaka ndiyo habari.

Mashine ya shangazi bado inafanya kazi. Transista niliigeuza, daiodi ipo, na nimeongeza kitu kimoja kwenye programu: ikiamuru balbu ziwake na baada ya dakika kumi joto halijapanda hata kidogo, inapiga kengele mpaka mtu aamke. Zamu iliyofuata tuliweka mayai 60 tena, nami nililala hukohuko siku tatu za kwanza, nikisikiliza rilei ikilia usiku.

Yule mzee alikataa pesa yangu. Aliniambia ninunue mita. Nawapa na ninyi ushauri huohuo, na mkishainunua, anzeni na ile transista mnayodhani mnaijua.